Ukiumia zamu, andika kabla hujatoka getini

Wadogo zangu mnaoripoti vituo vya afya kwa ajira mpya, wiki ya kwanza mtaelekezwa PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma), likizo na ratiba ya zamu. Fidia ya kuumia kazini mara nyingi haitajwi mpaka mtu aumie.

Mimi niliumia usiku, wodi ya wazazi. Sakafu ilikuwa na maji, mama anaita, nikawahi na trei mkononi, nikateleza na kuangukia kiganja cha kulia. Nikafunga bandeji, nikazalisha kina mama wawili mpaka kukapambazuka. Wakati wa kukabidhi zamu nikamwambia mwenzangu nimeteleza kidogo, nikaenda kulala. Daftari la ripoti ya usiku ule lina waliojifungua, lina aliyeongezewa damu, mimi simo. Miezi mitano baadaye X-ray ikaonyesha kifupa cha kifundo cha mkono kilivunjika na hakikuunga. Mwenzangu yule alishahamishiwa wilaya nyingine. Nikabaki naeleza kwa mdomo jambo ambalo mstari mmoja wa kalamu ungelimaliza.

Kwa Tanzania Bara, mtumishi wa umma na wa sekta binafsi wote wanahudumiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Kwa kuwa hakuna makato kwenye salari slipu, wengi hawajui kabisa kuwa wamo. Ukiumia, mjulishe mwajiri mara moja. Yeye ana siku 7 tangu apate habari kuufikishia Mfuko taarifa. Madai yenyewe yawe yamewasilishwa ndani ya miezi 12. Angalieni hapo: siku 7 hazianzi kuhesabiwa kama bosi hajui.

Kinachofichwa kuliko vyote ni kuchomwa na sindano, na kinachoficha ni aibu. Mtu anaogopa kuulizwa, "Kwa nini ulikuwa unarudishia kifuniko?" Fidia hii haikutaki uthibitishe kosa la mtu yeyote. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, mwite mfawidhi hata kama ni saa tisa usiku. Upimwe VVU na homa ya ini B palepale. Dawa za PEP, za kuzuia VVU baada ya kuchomwa, zianze ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Kipimo cha siku ile msikidharau hata kidogo, maana ndicho kinachoonyesha uliingia zamu ukiwa mzima. Bila hicho, majibu ya miezi mitatu baadaye hayasemi ugonjwa umeupata wapi.

Kwa daktari nako, usiseme tu "mkono unauma". Sema umeumia kazini, saa ngapi, ukifanya nini, naye aandike hivyo kwenye faili.

Mfuko hugharamia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, hulipa asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi.

Taarifa yako iandike nakala mbili, zote zigongwe muhuri wa masijala na tarehe ya kupokelewa. Moja peleka nyumbani. Usiiache kwenye droo ya wodi, droo ile inafunguliwa na kila mtu.