Maswali na Majibu: Theluji Ikishaanguka

Kwa nini barabara kuu husafishwa usiku uleule, lakini mtaa wetu mdogo huachwa siku mbili?

Kwa sababu magari ya wagonjwa, ya zimamoto na mabasi hutegemea barabara kuu. Hilo ni sawa. Kasoro ni kwamba waenda kwa miguu huwekwa mwisho kabisa, ilhali theluji ya kina cha vidole vinne, ambayo gari huipita bila taabu, humkwamisha anayesukuma kigari cha mtoto. Mji wa Karlskoga nchini Uswidi uliigeuza orodha hiyo, ukaanza na njia za kuzunguka shule za chekechea, nami sioni sababu ya maana ya miji mingine kutouiga.

Si wamwage chumvi zaidi, theluji yote iyeyuke?

Swali hili hunijia baada ya kila dhoruba. Chumvi haikusudiwi kuyeyusha tuta la theluji, bali kuzuia barafu isishikamane na lami, ili bamba la chuma la lori linalosukuma theluji likwangue hadi chini. Ndiyo maana manispaa makini hunyunyiza maji ya chumvi, ya asilimia 23 hivi, kabla theluji haijaanza. Ile mistari myeupe ambayo maji hayo huiacha barabarani, nanyi huilalamikia, si uchafu. Baridi ikipita nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida huzembea, na ikipita 21 haifanyi kitu hata ukimwaga magunia. Hapo hutumiwa kloridi ya kalsiamu, chumvi ya aina nyingine, au mchanga ili matairi yasiteleze. Chumvi iliyozidi haipotei: huingia mitoni na visimani, na hula nondo za madaraja, ambayo matengenezo yake hutoka katika kodi yako.

Dereva wa lori hunizibia lango kila nikimaliza kuchota theluji. Ananionea?

Hata hakuoni. Bamba lake limekaa mshazari, basi kila linachokusanya hukimwaga ukingoni, na lango lako liko ukingoni. Kabla hajapita, chota nafasi ya hatua mbili tatu kando ya lango, upande ule lori linakotokea. Mzigo utatua humo, na bamba litafika langoni kwako likiwa karibu tupu. Wala usiirudishe theluji barabarani, jambo ambalo nimechoka kulisema.

Nikiacha gari ukingoni usiku mmoja tu?

Liondoe. Lori likilizunguka, nyuma yake hubaki kilima kinachoganda na kuwasumbua majirani wiki nzima. Mji wa Montreal nchini Kanada hupiga king'ora kwanza, kisha hulivuta gari.

Theluji inayopakiwa kwenye malori huishia wapi?

Hukohuko Montreal, nyingi hutupwa katika machimbo ya zamani ya mawe ya Francon, ambako rundo lake jeusi huendelea kuyeyuka hata majira ya joto. New York ina mashine za kuiyeyusha kwa maji ya moto na kuimimina katika mabomba ya majitaka. Kuimwaga mtoni ni rahisi zaidi, na ni kosa, kwani imebeba mafuta, chumvi na takataka.

Wanasiasa wanajali kweli?

Michael Bilandic, meya wa Chicago, alishindwa na Jane Byrne katika kura ya mchujo ya chama chao mwaka 1979, wiki chache baada ya dhoruba ya Januari kuulemea mji. Kwa hiyo wanajali, hasa barabara zinazopigwa picha. Kituo cha basi, ambako bibi kizee hupanda tuta ili aufikie mlango, hakimo.

Bomba la zimamoto mbele ya nyumba yangu limefukiwa. Nani alifukue?

Wewe, leo.