Rondo, Mahali Palipokuwa na Nyumba

Swali la wiki hii liliuliza: "Ni mtaa gani uliovunjwa ambao ungependa usisahaulike?" Jibu langu ni Rondo, mtaa wa Wamarekani Weusi uliokuwa katika mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, ninakoishi tangu nilipohama Nairobi. Nililelewa Shauri Moyo, miongoni mwa wazee ambao wazazi wao walihamishwa kutoka Pangani ya zamani ilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, kwa hiyo habari za namna hii hazikunifikia kama ngeni.

Hata hivyo, kwa muda mrefu niliipita Rondo kila asubuhi bila kujua. Basi langu huvuka daraja, na chini yake magari hukimbia katika barabara kuu ya I-94, iliyochimbwa ndani ya ardhi mfano wa mtaro mkubwa. Siku moja mzee mmoja ninayesali naye alisimama nami pale darajani, akanyosha kidole hewani juu ya magari yanayoelekea Minneapolis, akasema kwamba jiko la mama yake lilikuwa pale. Kisha akanitajia nyumba moja baada ya nyingine: kwa kinyozi, kwa muuza vyakula, na kwa mama mmoja aliyemkanya kila mtoto wa mtaa kama wake wa kumzaa, ambaye habari zake zilitangulia kufika nyumbani kabla ya mtoto mwenyewe.

Wengi wa wakazi hao walikuwa wafanyakazi wa reli, wakiwemo wahudumu wa mabehewa ya kulala ya Pullman, walionunua nyumba Rondo kwa sababu mitaa mingi mingine haikuwakubali watu Weusi.

Ninalotaka likumbukwe zaidi ni kwamba njia nyingine ilikuwapo. Mpangaji wa mji, George Herrold, alishauri barabara ipitishwe kaskazini zaidi, kandokando ya reli, ambako isingewaondoa watu wengi hivyo. Ushauri wake ulikataliwa, na mwaka 1956, serikali kuu ilipokubali kubeba sehemu kubwa ya gharama za barabara kama hizo, Rondo ikaanza kubomolewa. Mchungaji George Davis, mzee aliyekataa kuondoka nyumbani kwake, alitolewa mwaka huohuo na polisi waliokuja na mashoka na nyundo. Wakazi, wakiongozwa na Mchungaji Floyd Massey na kinyozi Timothy Howard, walifanikiwa kuhakikisha kwamba barabara inachimbwa chini badala ya kuinuliwa juu ya vichwa vyao, lakini hawakuweza kuizuia. Zaidi ya familia 600 zilipoteza makazi. Barabara ilifunguliwa mwaka 1968.

Mzee wangu anasema kuwa fidia aliyopewa baba yake haikutosha kununua nyumba kama ile, na kila alikobisha hodi aliambiwa nyumba imekwisha kuchukuliwa. Baba huyo, aliyekuwa na hati ya nyumba yake akiwa bado kijana, alifariki akiwa mpangaji. Hesabu ya hasara hiyo inawafikia wajukuu, ambao hawakurithi chochote.

Tangu mwaka 1983 watoto wa Rondo hukutana katika sherehe ya kila mwaka, na mwaka 2015 meya wa mji, Chris Coleman, aliomba radhi hadharani. Sasa wapo wanaotaka sehemu ya barabara ifunikwe kwa daraja pana la ardhi, ili nyumba na maduka yajengwe tena juu yake. Nilipomuuliza mzee maoni yake, naye aliniuliza kama viwanja hivyo vitatolewa kwanza kwa jamaa za waliobomolewa, au vitauzwa kwa mwenye fedha nyingi. Naona swali hilo lijibiwe kwa maandishi kabla mchoro wowote haujapitishwa.