Kengele Uliyoniuliza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeupata, na swali lako limenichekesha, kwa kuwa mshitakiwa mmojawapo ni mimi. Umeuliza kwa nini nyimbo nyingi za mapenzi za miaka ya 1980, hata za wanamuziki wasiojuana, zina kinanda kile kile chenye mlio wa kengele ndani yake, ilhali sintesaiza, yaani vinanda vya umeme vinavyotunga sauti zake vyenyewe, zilisifiwa kuwa zinaweza kutoa sauti yoyote ile. Mara nyingi kinanda unachokisikia ni Yamaha DX7, kilichotoka mwaka 1983, na bendi yetu ya hotelini hapa Mombasa ilikuwa nacho kimoja.

Asili yake ni John Chowning, mtunzi wa muziki katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Mwaka 1967 alikuwa akitumia kompyuta kuitetemesha sauti moja kwa nyingine, kama mwimbaji anavyotikisa koo mwishoni mwa ubeti, akazidi kuongeza kasi ya mtetemo huo mpaka sikio likashindwa kuutambua kuwa ni mtetemo, likaanza kusikia sauti mpya kabisa, ambayo iliweza kufanana na tarumbeta au kengele kulingana na namba alizozipanga. Chuo kiliikodisha haki ya ugunduzi huo kwa Yamaha ya Japani. Tangu jaribio lile hadi DX7 kufika madukani ilipita miaka 16.

Sisi tuliokuwa tumezoea vinanda vya kabla yake tulipigwa na butwaa. Minimoog ya mwaka 1970, pamoja na utamu wake wote, ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza tatu, mbili zinapotea. DX7 ilitoa noti 16 kwa pamoja, tena ilitii mkono: ukiigusa polepole ilinong'ona, ukiipiga kwa nguvu ilitoa makali ya chuma. Huko Marekani iliuzwa kwa bei isiyofika dola 2,000.

Sasa nafika kwenye swali lako. Minimoog ilikuwa na vifundo vya kuzungusha vilivyotandazwa usoni, kila kimoja na kazi yake, hivyo hata asiyejua nadharia aliweza kupapasa huku akisikiliza, akaipata sauti yake mwenyewe. DX7 haikuwa na kifundo hata kimoja cha namna hiyo. Ilikuwa na vibonye bapa vya plastiki, kitelezi kimoja cha kubadilishia namba, na kioo kidogo cha mistari miwili ya maandishi, na kwa kutumia vitu hivyo ulitakiwa kupanga namba zaidi ya 100 ili kutengeneza sauti moja, huku ukiona namba moja tu kwa wakati. Wako waliovumilia, kama mwanamuziki Mwingereza Brian Eno, wakatoa humo sauti zilizokuwa zao kweli. Wengi wetu tulitumia zile 32 zilizokuja nazo kutoka kiwandani, na ile unayoilalamikia ilikuwa namba 11. Kidole changu kilikijua kibonye chake hata taa za jukwaani zikizimwa. (Siku moja nilijaribu kutunga sauti ya udi kwa ajili ya harusi, baada ya kuhangaika kwa muda wa saa tatu nilipata kitu kilichofanana na sufuria lililoanguka, nikarudi namba 11.)

Usidhani basi kwamba mashine ilikuwa na upungufu wa sauti. Naona kosa lilianzia kwa waliokitengeneza kile kioo kidogo, nasi tukalikamilisha kwa uvivu wetu.

Wewe una nakala ya DX7 ndani ya kompyuta, na vipimo vyote umetandaziwa mbele ya macho kwa pamoja. Ifungue namba 11, kisha uitazame opereta ya pili (opereta ni vile vitetemeshi vinavyounda sauti ndani yake): hiyo hutetema mara 14 kwa kila mtetemo mmoja wa ile ya kwanza, na ndiyo kengele yako. Ishushe nguvu taratibu hadi sifuri huku ukishikilia noti ileile. Itabaki sauti ya mviringo, nzito kidogo, ambayo kwa miaka yote ile sikuwahi kujua kwamba ilikuwa imejificha humo. Ukishaisikia nirekodie unitumie.

Baba yako