Maswali ya wasomaji: Antena ya simu ya upepo kwenye pikapu

SWALI: Pikapu yetu ya shamba hupanda Amani karibu kila siku, na mara mojamoja huenda Handeni. Tumepewa megahezi 152. Duka moja mjini Tanga lina antena mbili: fupi ya kama nusu mita, na ndefu inayofika kifuani. Muuzaji anasema ndefu ndiyo inayofika mbali. Fundi naye anataka kuifunga kwenye ngao ya mbele ili asitoboe paa. Tumsikilize nani?
Dereva, Muheza

JIBU: Hakuna hata mmoja. Chukueni fupi, na paa litobolewe.

Ule ufito unaouona ni nusu ya antena. Nusu ya pili ni bati lililo chini yake, kwa hiyo anzeni kwa kuuliza bati liko wapi, kisha ndipo mchague ufito. Kwa megahezi 152, antena ya robo wimbi, yaani ile fupi, inataka bati la karibu nusu mita kila upande, na paa la kabini linatosha kabisa. Ngao ni mabomba mawili matatu, mara nyingi yamepakwa rangi nzito, hivyo eathi yake ni ya kubahatisha. Isitoshe, nyuma yake kabini imesimama kama ukuta. Mtasikika vizuri upande mmoja na upande mwingine mtalaumu redio.

Ndefu ya muuzaji bila shaka ni ile ya sehemu tano kwa nane za wimbi, yenye koili chini. Hajadanganya: kwenye tambarare hufika mbali zaidi, kwa sababu hulaza mawimbi karibu na upeo wa macho badala ya kuyaacha yapande. Lakini njia ya Amani ni kona na mabonde, na mnayemwita huenda yuko juu ya vichwa vyenu. Hapo antena inayolaza mawimbi inawanyima. Ufito wa mita 1.2 juu ya kabini pia utapigwa na kila tawi la mwembe na mkorosho njiani, na kila pigo hutikisa shina lake mpaka bati la paa linaanza kuchanika. Kama safari zenu zingekuwa za Korogwe na Handeni tu, jibu lingegeuka.

Kutoboa kwenyewe: shusheni dari ya ndani kwanza mwone taa, nyaya, na mifuko ya hewa ya pembeni kama gari inayo. Pimeni katikati ya paa, anzeni na biti ya milimita 3, halafu msumeno wa duara wa milimita 19, ambao ndio kipimo cha vikalio vingi vya kutoboa, yaani vile vishikio vya antena vinavyokaa kwenye tundu. Hakikisheni na kikalio chenu kabla ya kukata. Kwa ndani kwangueni rangi pale tu kikalio kinapogusa, bati ling'ae. Ukingo wa tundu upakeni rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Hewa ya Tanga ina chumvi na haisubiri kesho.

Urefu wa ufito: gawanyeni 7130 kwa megahezi zenu, mpate sentimita. Kwa 152 ni kama sentimita 47. Kateni 49 kwanza, kisha pimeni kwa mita ya SWR (huonyesha nguvu inayorudi kwenye redio badala ya kutoka kwenye antena; 1 ndiyo bora) iliyotengenezwa kwa masafa hayo. Mita ya redio za megahezi 27 itawapa namba za uongo. Gari liwe uwanjani, mbali na nyumba za mabati, milango imefungwa, redio kwenye nguvu ndogo. Ikiwa SWR ni nzuri zaidi kwenye chaneli ya chini kuliko ya juu, ufito ni mrefu. Punguzeni milimita 3 kwa mkato. Sentimita moja nzima huhamisha kama megahezi 3, na iliyokatwa hairudi. Mkifika 1.5 acheni. Pale ni asilimia 4 tu ya nguvu inayorudi. Kwenye 3 ni robo nzima, na hapo redio inaanza kuumia.

SWALI: Nina trela ya kulala ya faiba, naivuta kutoka Tanga hadi Pangani na Saadani. Antena ya sumaku haishiki popote. Je, ile nyeupe ya boti inafaa?
Msomaji, Raskazone

JIBU: Sumaku haishiki faiba wala alumini, na hata ungeigundisha kwa gundi isingefanya kazi, maana chini yake hakuna bati. Ukiwa njiani redio iko kwenye pikapu, basi antena nayo ibaki kwenye paa la pikapu. Kupitisha kebo kwenye kiungo cha trela ni kujitafutia waya uliokatika.

Ukishatia kambi, hapo ndipo antena ya boti inaeleweka. Nyingi ni za nusu wimbi, zimeundwa kwa vyombo vya faiba na hazihitaji bati. Ila zimepangwa kwa takriban megahezi 156 hadi 162. Ukipewa 140 au 170, SWR itakukatalia, na afadhali ununue ya nusu wimbi ya masafa yako. Isimamishe kwenye bomba la mita 4 au 5 kando ya trela. Kebo nyembamba ya RG-58 ikifika mita 10 hula kama theluthi ya nguvu; tumia ile nene ya RG-213, ambayo kwa urefu huo hula chini ya moja ya tano. Kumbuka ni antena tu unayoazima baharini. Chaneli za boti ni za vyombo, na chaneli 16, megahezi 156.8, ni ya dharura za majini.

SWALI: Antena ilikuwa nzuri, lakini tangu masika nasikia wenzangu ila wao hawanisikii.
Fundi, Ngamiani

JIBU: Yaelekea maji yameingia kwenye kebo. Fungua antena, chomoa kebo kwenye redio, pima kwa multimeta kati ya waya wa katikati na wavu wa nje: pasiwe na mguso wowote. (Usipime antena ikiwa imefungwa, baadhi ya zenye koili huonyesha mguso hata zikiwa nzima.) Hata kipimo kikiwa safi, chuna ganda la kebo sentimita 5 upande wa antena. Wavu mzima hung'aa kama senti mpya. Ukiukuta umekuwa kijani au mweusi, usikate kipande na kuunga, kwa kuwa maji hupanda ndani ya wavu kama mafuta kwenye utambi. Badilisha kebo yote.

Ukifunga mpya, zungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukianzia chini kwenda juu ili mikunjo imwage maji kama makuti ya paa, halafu tepu nyeusi juu yake. Acha kebo ining'inie kidogo kabla ya kuingia ndani, matone yadondoke pale. Silikoni yenye harufu ya siki iache kwa fundi wa madirisha. Ile asidi yake hula shaba. Na usibonyeze kitufe cha kuongea antena ikiwa imefunguliwa.

SWALI: Nahitaji kibali kwa redio moja tu?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Ndiyo. Masafa hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hata kwa gari moja. Omba kabla ya kununua antena, maana urefu wake unategemea namba utakayopewa.