Jibu: Mdogo wangu kidato cha sita amekata tamaa, ufadhili unapatikana wapi?

Salaam mkuu. Umesema mdogo wako yuko PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), anafaulu, ila kaacha kujisomea kwa kuwa nyumbani hakuna ada ya chuo. Anzeni na cheti cha kuzaliwa: majina yafanane herufi kwa herufi na ya NECTA (Baraza la Mitihani). Wengi hukwama hapo, na kurekebisha huchukua muda. Kisha mweleze kuhusu Samia Scholarship, ya waliofaulu zaidi sayansi kidato cha sita. Tovuti ya Wizara ya Elimu ipitieni kila wiki. Nafasi za ufadhili wa kusoma Hungaria na Algeria hutangazwa pale, watu wanasubiri WhatsApp mpaka muda unapita. Mdogo wangu mimi nilimchapishia tangazo, tukapitia vigezo pamoja kimoja kimoja. Usiku huohuo alifungua madaftari bila kuambiwa.