Bakteria wa dakika 20, DNA ya dakika 40

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma baiolojia hapa Dar es Salaam. Tunafundishwa kwamba E. coli, bakteria wa utumbo, hugawanyika kila dakika 20, ilhali kunakili DNA yake huchukua dakika 40. Inawezekanaje? Na kwa kuwa hana kiini, kazi hiyo hufanyikia wapi ndani ya seli?
Msomaji, Mabibo

JIBU: Hesabu zote mbili ni sahihi. Kromosomu yake ya duara ina jozi za besi (herufi za DNA zilizoungana mbilimbili) zipatazo milioni 4.6, na kunakili huanzia mahali pamoja tu, oriC. Protini za DnaA hujikusanya hapo na kuachanisha nyuzi mbili za DNA, kisha mitambo miwili ya protini inayonakili inaondoka, mmoja huku mwingine kule, hadi ikutane upande wa pili. Kila mmoja una jozi milioni 2.3 za kupitia kwa kasi ya karibu 1,000 kwa sekunde: dakika 38 hivi. Chakula kikiwa tele, oriC mpya huanza duru nyingine kabla ya ile ya kwanza kuisha. Hivyo seli huzaliwa DNA yake ikiwa tayari inanakiliwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Kuhusu mahali, usichukue mchoro mmoja ukauvisha bakteria wote. Mwaka 1998 Lemon na Grossman, Marekani, waliitia polimerasi (kimeng'enya kinachonakili DNA) ya Bacillus subtilis, bakteria wa udongo, protini inayong'aa kijani. Walikuta mng'ao uko karibu na katikati ya seli, si kila mahali. Wakahitimisha kwamba DNA ndiyo inayoufuata mtambo. Kwa E. coli anayekua polepole, kazi huanzia katikati, halafu mitambo huachana, kila mmoja ukashika nusu yake ya seli. Caulobacter, bakteria wa majini, huanzia kwenye ncha, kisha mitambo husogea taratibu kuelekea katikati.

Ukipata nafasi ya kuyaona haya kwa hadubini, usiwakuze kwenye mchuzi wa LB, wenye chakula tele: duru hupandana na nukta za mng'ao hurundikana, huwezi kuzihesabu. Tumia chakula hafifu chenye gliseroli, uwalaze juu ya kipande cha agarosi (jeli ya mwani) ya asilimia 1, lenzi ya mafuta ya 100. Kiyoyozi cha maabara nacho ni cha kuangalia, maana slaidi ikishuka chini ya nyuzi joto 37 mitambo inapunguza kasi. Na ukiona seli zimerefuka kama uzi bila kugawanyika, shuku DNA iliyoharibika. Dawa ya antibiotiki ya siprofloksasini hufanya hivyo: hukwamisha jairesi, kimeng'enya kinacholegeza msokoto mbele ya mtambo, DNA inakatika, na seli inazuia mgawanyiko.