Laini ya mzee imegoma kupitisha salaini: usiisukume, tafuta inapobana

Dada, pole na mzee. Umeeleza kwamba baba yako ametoka hospitalini na laini mkononi, yaani mpira wa kupitishia dawa mshipani, ili amalizie antibayotiki nyumbani Maseno, kwamba tangu jana salaini (maji ya chumvi ya kusafishia laini) inaingia kwa shida na jioni hii imegoma kabisa, na kwamba jirani amekushauri utafute sirinji ndogo usukume kwa nguvu mpaka izibuke. Nakujibu hilo la jirani kwanza: usifanye hivyo. Weka sirinji chini. Mimi si daktari. Nimemuuguza mama yangu kwa siku 42 akiwa na laini ya PICC, ile ndefu inayofika karibu na moyo, nyumbani Ahero, na laini hiyo ilitugomea mara mbili, kwa sababu mbili tofauti kabisa.

Lakini kabla hujasoma zaidi, mtazame mzee. Ana homa au anatetemeka, hasa kama ilianza baada ya kupitisha kitu kwenye laini? Mkono wenye laini umevimba kuliko mwenzake, au bega na shingo upande huo zinauma? Kifua kinambana, anapumua kwa taabu? Kuna maji yanayovuja chini ya dresingi, au mpira umetokeza nje kuliko ulivyokuwa siku alipotoka hospitalini? Likiwepo hata moja, funga kibanio (kile kidude cha plastiki cha kuubana mpira), acha kusoma, tafuta gari usiku huu huu. Casualty ya hospitali ya Jaramogi pale Kisumu, ile ambayo wenyeji bado tunaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, hupokea wagonjwa usiku kucha. Homa ya kutetemeka kwa mtu mwenye laini yaweza kuwa ni wadudu waliokwisha kuingia kwenye damu, na hiyo haingoji kupambazuke.

Kama hayo hayapo, tuendelee.

Hukusema ni laini ya aina gani, na hilo linabadilisha kila kitu. Kama ni branula, yaani kile kipira kifupi cha plastiki kinachowekwa nyuma ya kiganja au kwenye kigasha, basi ikigoma na kuuma, au ngozi ikawa nyekundu na mshipa ukawa mgumu kama kamba, hiyo imemaliza kazi yake. Muuguzi huitoa na kuweka nyingine mahali pengine, basi. Usihangaike kuizibua.

PICC ni jambo jingine. Ni mpira mwembamba mrefu unaoingilia juu ya kiwiko na kusafiri ndani ya mshipa mpaka ncha yake ifike kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na moyo. Kuibadilisha si kazi ya kliniki ya mtaani. Na chochote unachokisukuma humo kina safari fupi mno kufika moyoni na kwenye mapafu. Kama ni damu iliyoganda unaisukuma, fikiria inakwenda wapi.

Mama ana kisukari. Kidonda cha kisigino kilifika mfupani, na mfupa ukiingia wadudu hautibiwi kwa wiki moja. Tuliambiwa wiki 6 za dawa ya mshipani, mara moja kwa siku. Sista aliyetutoa wodini alinifundisha kupitisha salaini kabla ya dawa na baada ya dawa, akaniangalia nikifanya mara tatu ndipo akaniruhusu twende.

Siku ya 9, saa tatu usiku, stima zimepotea, nimeshika tochi ya simu mdomoni, nikasukuma salaini na bomba la sirinji halikwenda. Niliogopa mpaka mikono ikalowa jasho. Nikampigia sista. Aliniuliza jambo moja kwanza: "Umesukuma kwa nguvu?" Nikamwambia nilijaribu kidogo nikaacha. "Vizuri. Sasa anzia nje, uje ndani."

Anzia nje maana yake ni hii. Kibanio: kiko wazi kweli, au kimefunguka nusu tu? Chetu kilikuwa wazi. Kisha fuata mpira kwa macho na vidole kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye ngozi. Tulikuwa tumemvalisha mama soksi iliyokatwa ncha ili mpira usining'inie, na chini ya soksi mpira ulikuwa umejikunja. Nikaunyoosha. Nikajaribu tena polepole, bado mgumu. Angalia pia kama plasta imeubana, au kama dresingi imelegea kwa jasho na kuuvuta mpira upande. Joto la huku Ahero linaziondoa dresingi kabla ya siku 7 za kubadilishwa, nadhani hata Maseno mnalijua kidogo.

Halafu mwili wa mgonjwa wenyewe. Mama alikuwa ameegemea upande wa mkono ule. Sista akasema akae wima, ainue mkono juu ya kichwa, ageuze uso upande mwingine, avute pumzi ndefu, akohoe. Wakati mwingine ncha ya mpira imeegemea tu ukuta wa mshipa, na mgonjwa akijisogeza inaachia. Kwetu usiku ule haikuachia, lakini wiki zilizofuata iliachia mara nyingi kwa kikohozi kimoja tu, kwa hiyo usiruke hatua hii.

Ndipo akauliza: "Leo ametolewa damu kwenye laini?" Ndiyo, asubuhi, kwa kipimo cha figo, mahali fulani mjini. Nikaangaza tochi kwenye kile kifuniko cha mwisho ambacho sirinji hujishikiza. Ndani yake kulikuwa na damu kavu, nyeusi. Aliyemtoa damu hakupitisha salaini ya kutosha baadaye, wala hakubadilisha kifuniko. Sista alijua kwamba nimefundishwa kukibadilisha na nina kipya ambacho hakijafunguliwa, akaniongoza: nawa mikono, funga kibanio kwanza kabisa, toa cha zamani, pangusa mdomo wa mpira kwa spiriti na uache ukauke wenyewe, weka kipya kilichokwisha kujazwa salaini. Nikafungua kibanio, nikasukuma. Ikapita kama maji ya mfereji wa mpunga lango likiinuliwa. Mama akaniuliza mbona nalia.

Kama hukufundishwa kubadilisha kifuniko, usijifundishie usiku huu. Mpira ukiwa wazi na kibanio hakijafungwa, hewa inaweza kuvutwa ndani, na hewa ikifika moyoni ni hatari kubwa. Ila unaweza kukitazama. Ukiona damu ndani ya kifuniko, kesho lichukue hilo kama jambo la kwanza la kumwambia muuguzi.

Sasa sirinji ya jirani. Najua anakutakia mema, na akilini inaonekana sawa, kidogo kwa kitu kidogo. Kinyume chake ndicho kweli. Ukipita kwenye udongo mweusi wa huku baada ya mvua ukiwa na viatu vya kisigino chembamba, unazama. Ukivaa gambuti, unapita, na uzito wako ni ule ule. Kidole chako kikisukuma sirinji ya ml 2, nguvu ile ile inakusanyika mahali padogo, na presha inayoingia kwenye mpira inakuwa kubwa kuliko ya sirinji ya ml 10. Mpira uliozibwa mbele na kusukumwa kwa presha hiyo unaweza kupasuka, hata ndani ya mwili. Kwa hiyo ni sirinji ya ml 10 au kubwa zaidi, hata kama unapitisha ml 5 tu, na hata hiyo ikikataa unaacha. Mkono wako ukihisi ugumu, huo ugumu ndio habari unayoitafuta.

Mara ya pili ilikuwa kosa langu mwenyewe, na ndiyo ningependa uisome kwa makini, kwa sababu ulivyoeleza ("tangu jana inaingia kwa shida") inafanana nayo.

Baada ya ule usiku nilikuwa mwoga. Nikawa nasukuma salaini taratibu, kwa mkondo mmoja laini, nikidhani ninaihurumia. Tulikuwa tumefundishwa vingine: sukuma kidogo, tua, sukuma kidogo, tua, ili maji yazunguke ndani na kukwangua kuta za mpira. Na mwishoni, unapomalizia ile ml ya mwisho, unafunga kibanio huku bado kidole kinasukuma, ili damu isirudi nyuma kujaza ncha. (Kuna vifuniko vingine ambavyo mpangilio wake ni tofauti, fuata mlichoambiwa mlipopewa.) Mimi nilikuwa namaliza, natoa sirinji, ndipo nafunga. Kila siku damu kidogo ilikuwa inarudi kwenye ncha na kukaa.

Katika wiki ya tatu niligundua kwamba nikivuta kidogo kabla ya dawa, damu hairudi. Salaini inaingia, damu haitoki. Nikajiambia muhimu ni kuingia. Siku mbili nikanyamaza. Siku ya tatu ikawa nzito, jioni yake ikagoma. Sasa najua kwamba utando wa damu huweza kujifunga kwenye ncha ukawa kama kifuniko cha mlango: ukisukuma unafunguka, ukivuta unajifunga. Ile siku ya kwanza damu ilipokataa kurudi ndiyo ilikuwa siku ya kupiga simu. Tena kuna sababu nyingine inayofanya damu isirudi, nayo ni ncha kuhama mahali pake, na dawa ikamiminika kusikotakiwa.

Asubuhi tulipanda matatu ya saa kumi na mbili. Hospitalini walipima sehemu ya mpira iliyo nje wakalinganisha na kipimo kilichoandikwa siku ya kuwekwa, wakapima unene wa mkono, wakampiga eksirei ya kifua kuona ncha iko wapi. Ilikuwa mahali pake. Wakaweka kwenye mpira dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kiasi kidogo cha kujaza mpira tu, wakaiacha humo, wakarudi kujaribu kuvuta. Baada ya saa mbili hivi damu ikatoka, wakavuta ile iliyokaa wakaitupa, kisha salaini. Laini ikapona. Dawa hiyo ni ya hospitalini. Usiulizie duka la dawa.

Kuna chanzo cha tatu ambacho hakikutupata ila sista alikisisitiza: dawa zenyewe zikikutana ndani ya mpira zinaweza kuganda kama unga wa chokaa. Mama alikuwa kwenye seftriaksoni, na hiyo haipatani na kalsiamu, kwa hiyo dripu ya Ringer haiwekwi nayo kwenye mpira mmoja. Kama mzee amewekewa dripu yoyote au dawa nyingine jana, popote pale, andika jina lake. Ugumu ulioanza mara tu baada ya dawa mbili kufuatana unamwambia daktari jambo tofauti na ugumu uliokuja pole pole.

Na salaini unaitoa wapi? Nauliza kwa sababu nimeona nyumba ambapo chupa ya ml 500 imefunguliwa na inachotwa siku baada ya siku. Tafadhali, hapana. Tumia vile vichupa vya plastiki vya ml 10, kimoja kwa mara moja, kinachobaki unamwaga, na sirinji mpya kila mara. Pangusa kifuniko kwa spiriti kwa sekunde 15 kabla ya kuunganisha, hata ukiwa umechoka.

Kwa hiyo usiku huu: kibanio, mpira uliojikunja, plasta, mkao wa mzee, kikohozi. Jaribu mara moja tena kwa sirinji ya ml 10, kwa wepesi. Ikipita, vuta kidogo uone kama damu inarudi. Isiporudi, usiweke dawa mpaka uongee na hospitali. Ikikataa, funga kibanio na uache. Piga ile namba waliyokupa kwenye karatasi ya kutoka, hata kama ni usiku, uulize kuhusu dozi ya leo. Usimpe dozi mbili kesho ili kufidia bila kuambiwa. Kama laini ina midomo miwili na mmoja unapita, usiseme basi tutatumia huo tu. Ule uliozibwa nao lazima utazamwe.

Kesho ukifika, waambie ugumu ulianza saa ngapi, dawa gani ilipita mwisho, nani alimtoa damu na lini. Chukua futi ya fundi cherehani upime usiku huu mpira ulio nje, kutoka kwenye ngozi hadi mwanzo wa kile kiungo kigumu cha plastiki, bila kufungua dresingi, uandike. Na mpaka mfike huko, mtu yeyote asimpime presha kwenye mkono huo.